Kuifanya raba ya silikoni ipokee maji kwa plazma: mwongozo wa maabara ndogo ya Bagamoyo

Ukidondosha maji juu ya raba ya silikoni, tone halitandai. Linasimama kama shanga. Kwa anayeziba paa au dirisha la aluminiamu hiyo ni sifa. Kwa anayetaka mfereji mwembamba kuliko uzi, ambao damu au maji yaingie yenyewe bila kusukumwa na pampu, ni tatizo: maji yanagoma mlangoni.

Hapa Bagamoyo watu wamezoea habari za vipimo vya damu. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika hapa na Korogwe, na mji una mafundi sanifu wengi wa maabara. Kwa hiyo siku hizi si ajabu kijana kutaka kumwaga silikoni mwenyewe, achonge mifereji, aibandike kwenye kioo na kujaribu kipimo chake. Mwongozo huu ni wa huyo. Plazma yenyewe (gesi iliyopigwa umeme, si ile ya damu) ni nusu dakika. Kinachoamua kama kazi itafaa ni usafi kabla ya hiyo nusu dakika na saa chache zinazofuata, na kwenye joto letu la pwani saa hizo hupungua.

Kinachobadilika ni nini

Silikoni ya maabara ni PDMS, yaani polidimethailisiloksani. Ni minyororo mirefu ya atomu za silikoni (hapa ni elementi, si raba yenyewe) na za oksijeni zinazopokezana, na kila atomu ya silikoni imebeba vikundi viwili vya methili. Methili ndiyo inayokataa maji. Plazma ni gesi iliyopigwa umeme mpaka sehemu yake ikavunjika kuwa elektroni, ioni na atomu huru. Ikigusa uso wa silikoni inang'oa methili na kuweka mahali pake vikundi vya oksijeni na hidrojeni, vinavyoitwa silanoli. Hivyo vinapenda maji.

Badiliko hilo ni la ngozi ya juu tu, nanomita chache hadi makumi ya nanomita. Chini yake raba ni ileile, na ndani yake mna minyororo mifupi ambayo haikufungwa vizuri wakati wa kuganda. Minyororo hiyo hupanda polepole mpaka juu, na silanoli nazo hugeuka zikatazama ndani. Uso unarudi kukataa maji. Inaanza ndani ya saa chache, na baada ya siku kadhaa sehemu kubwa ya kazi yako imepotea. Joto huharakisha mwendo huo. Takwimu nyingi unazosoma zilipimwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Chumba chako mwezi wa pili, feni ikizunguka na dirisha wazi, hakiko hapo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mainjinia wa umeme wanaipenda tabia hiyohiyo. Vihami vya silikoni kwenye laini za umeme karibu na bahari hupigwa na chumvi na cheche, uso ukaanza kupokea maji, kisha ukajiponya wenyewe kwa minyororo hiyohiyo mifupi kupanda juu. Wao wanalipa fedha kwa ajili yake, sisi tunahangaika kuizuia.

Panga kuanzia mwisho

Kabla ya kuwasha chochote, jiulize kipande kitatumika saa ngapi. Kama damu itapitishwa saa nane mchana, plazma ipigwe asubuhi hiyohiyo, si jana yake. Kama ni cha wiki ijayo, utahitaji ama kukihifadhi ndani ya maji ama kukipaka kitu cha ziada, na yote mawili yamo chini. Wengi huanza na mashine kwa sababu mwanga wake unapendeza, halafu wanakumbuka kwamba kioo hakijaoshwa.

Vifaa

Mashine ndogo ya mezani ya plazma ndiyo njia safi zaidi. Ni chemba ya kioo kinene au ya chuma, koili au elektrodi, na pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa ndani ya chemba. Nyingi za aina hii zina nguvu ya wati chache hadi makumi ya wati, na hiyo inatosha kabisa kwa silikoni. Isipokuwepo, iko korona ya mkononi, kifimbo cha umeme wa volti nyingi kinachotoa cheche za zambarau kwenye hewa ya kawaida. Inafaa kwa vipande vidogo, ila matokeo hayalingani kutoka kona hadi kona. Wapo pia wanaoweka chupa yenye vakyumu ndani ya maikrowevu ya jikoni. Inawaka kweli, lakini kioo kilichonyonywa hewa kikipasuka hukurushia vipande usoni, na sioni sababu ya kumshauri mtu.

Pampu si lazima itoke ng'ambo. Ile ya hatua mbili wanayotumia mafundi wa friji na AC inafika chini ya kutosha. Ukienda kuiazima, swali la kwanza ni hili: "Kaka, mafuta umebadilisha lini?" Unyevu wa pwani huingia kwenye mafuta, na wakati wa masika utayaona yamegeuka meupe kama yametiwa maziwa. Mafuta hayo hayafikishi vakyumu. Mwaga, weka mapya, acha pampu izunguke ikiwa imefungua vali yake ndogo ya hewa mpaka ipate joto, ndipo uiunganishe.

Tumia hewa ya chumbani, usitumie oksijeni safi. Hewa ina oksijeni asilimia 21 na kazi inakwenda. Oksijeni safi ikipita kwenye pampu yenye mafuta ya kawaida inaweza kulipuka. Inataka pampu yenye mafuta maalumu yenye florini, au isiyo na mafuta kabisa. Kwa hiyo hata kama rafiki yako wa wodini ana mtungi, mwachie mgonjwa. Ukitaka matokeo yasiyumbe kati ya siku ya mvua na siku ya jua, pitisha hewa inayoingia kwenye mrija wenye silika jeli kavu.

Kitu kimoja ambacho pampu za mafundi mara nyingi hazina ni vali ya kuzuia mafuta kurudi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, chemba yenye vakyumu huyavuta mafuta kutoka kwenye pampu, na chemba iliyolowa mafuta ni kazi ya siku nzima. Weka vali ya mkono kati ya pampu na chemba, uikalie karibu. Umeme ukienda, funga vali hiyo kwanza, kisha ingiza hewa.

Mengine ni madogo: slaidi za kioo, koleo ndogo, selotepu, glavu za naitraili, kisahani chenye kifuniko, oveni inayoshika nyuzi 80, bomba la sindano la insulini, rula, na maji yaliyotolewa madini. Maji ya betri yanafaa, lakini soma chupa vizuri, maana kwenye rafu hiyohiyo ya duka la spea kunakuwa na ya asidi.

Kumwaga silikoni

Silikoni ya sehemu mbili, kama Sylgard 184, huchanganywa kwa uzito, sehemu 10 za msingi kwa 1 ya hadna, ile inayoigandisha. Gramu 30 kwa 3, kwa mfano. Koroga dakika kadhaa ukikwangua pembeni na chini, kisha iweke kwenye vakyumu mpaka mapovu yaishe. Mimina, weka kwenye oveni nyuzi 80 kwa saa mbili. Kwenye joto la chumba itaganda pia, ila hesabu siku mbili.

Usivae glavu za lateksi. Hadna ya silikoni hizi hufanya kazi kwa msaada wa platinamu, na salfa iliyomo kwenye mpira wa kawaida huiua platinamu. Utapata sehemu inayonata isiyoganda hata ukiipika usiku kucha, na hutajua kwa nini. Udongo wa kufinyangia wenye salfa na baadhi ya gundi hufanya vilevile.

Ukiwa na nafasi, acha kipande kwenye oveni muda mrefu kuliko unaohitajika, usiku mzima au zaidi. Minyororo mifupi mingi zaidi itafungwa na uso utachelewa kurudi kwenye hali yake. Kama umeme wako ni wa luku, pima mwenyewe gharama na faida.

Usafi

Hapa ndipo nisipoharakisha. Vumbi moja kati ya silikoni na kioo huacha kiputo, na kwenye kiputo ndipo kipimo kitakapovuja.

Bandika selotepu juu ya uso utakaopigwa plazma, ibonyeze kwa kidole, ivute taratibu. Rudia na kipande kipya cha selotepu. Kisha suuza kwa isopropanoli au ethanoli safi, halafu kwa maji yasiyo na madini, na ukauke kwenye oveni nyuzi 70 kwa nusu saa au zaidi. Usiruke kukausha: silikoni hunywa spiriti na kuiachia polepole, na kipande chenye spiriti ndani ya chemba hufanya vakyumu isifike, tena ni hatari ya moto. Spiriti yenye rangi ya dukani usiitumie, maana huacha utando.

Kioo nacho kisafishwe hivyohivyo, kikioshwa kwanza kwa sabuni na kusuuzwa sana. Baada ya hapo shika kila kitu pembeni kwa koleo. Usiweke karibu bomba la silikoni ya kuzibia, ile yenye harufu ya siki, wala grisi ya silikoni. Mafuta ya silikoni hutambaa na kuchafua kila kinachoguswa. Wapuliza rangi wa magari wanaujua vizuri ugomvi huo, rangi ikianza kufanya mashimo mashimo.

Ndani ya chemba

Weka vipande uso juu, kwenye slaidi. Upande uliolalia chini haupati kitu. Visipandane wala kugusana, na weka pamoja navyo kipande kidogo cha ziada cha silikoni ileile. Hicho ni cha kupimia, ili usije ukalowesha kazi yenyewe.

Funga mlango, washa pampu, acha inyonye mpaka shinikizo lishuke chini ya milibari 0.1. Fungua vali ya sindano kidogo kidogo hewa iingie, shinikizo lisimame kati ya milibari 0.3 na 0.7. Subiri nusu dakika litulie. Zima taa ya chumba, washa plazma.

Rangi ndiyo itakayokuambia kila kitu. Plazma ya hewa ni ya zambarau inayoelekea waridi, na inapaswa kujaa chemba yote kwa usawa. Ikijibana karibu na elektrodi tu au isipowaka kabisa, hewa ni nyingi mno, punguza. Ikififia na kuyumba, umepitiliza upande wa pili. Huhitaji geji ya bei mbaya ukishazoea kuisoma.

Anza na sekunde 30. Kwa mashine dhaifu ya wati kumi na kitu, nenda hadi dakika moja. Tamaa ya kuongeza muda ni kubwa na inadanganya. Plazma ikizidi, uso hugeuka tabaka gumu la aina ya kioo, nalo limekalia raba laini. Ukikunja kipande, tabaka hilo hupasuka nyufa ndogo usizoziona kwa macho, na kupitia nyufa hizo minyororo mifupi hupanda upesi zaidi. Dakika tano zinaweza kukupa uso unaorudi kukataa maji mapema kuliko ule wa sekunde thelathini, na mshikamano wake na kioo ukawa hafifu.

Muda ukiisha, zima plazma, funga vali ya pampu, ingiza hewa polepole, kisha zima pampu. Fuata mpangilio huo kila mara. Hewa ikiingia kwa kishindo vipande vyako vitaruka.

Kwa korona ya mkononi, weka kipande juu ya mbao kavu au plastiki, mbali na chuma, na upitishe ncha milimita chache juu ya uso, mstari kwa mstari, kwa sekunde 20 hadi 30 kwa kipande cha ukubwa wa sarafu. Usisimame mahali pamoja. Cheche hutoboa silikoni nyembamba.

Usalama nitausema mara moja. Umeme huu ni wa volti nyingi, hivyo mashine iwe na waya wa ardhi uliofungwa na fundi, si ekstensheni inayoning'inia. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikae chumba hicho. Harufu kali unayoisikia ni ozoni, nayo inaumiza mapafu. Moshi wa pampu utolewe nje kwa mpira, na dirisha liwe wazi. Kila siku kagua chemba ya kioo kwa nyufa kabla ya kuinyonya hewa, na vaa miwani.

Kupima kwa tone

Maabara kubwa hupima pembe ya tone, yaani pembe kati ya ukingo wa tone na uso lililokalia, kwa kifaa chake. Silikoni ambayo haijaguswa hutoa pembe ya nyuzi 105 hadi 110. Baada ya plazma nzuri inashuka chini ya 20, mara nyingi chini ya 10. Kama huna kifaa, bomba la insulini na rula vinatosha.

Bomba la alama 100 lina mililita moja, kwa hiyo alama moja ni maikrolita 10. Lisuuze kwa maji mara kadhaa kwanza, kwa sababu ndani yake hupakwa silikoni ili pistoni iteleze. Sukuma alama moja, tone liguse kile kipande cha ziada, na upime upana wake. Hesabu ya umbo la tone inatoa takriban haya: kwenye silikoni isiyoguswa, sehemu iliyogusa chini ina upana wa milimita 2.8 hivi, pembe ikiwa nyuzi 60 ni milimita 4.3, ikiwa 30 ni 5.7, ikiwa 10 ni zaidi ya milimita 8. Chini ya hapo tone linakimbia tu na kuwa utando. Ukitaka namba halisi, laza simu usawa wa meza, piga picha ya tone kwa ubavu, na uifungue kwenye ImageJ, programu ya bure, upime pembe.

Siku ya kwanza ya mashine mpya, kata vipande vinne, vipige sekunde 15, 30, 60 na 120. Pima vyote papo hapo, jioni, na kesho yake. Chagua muda mfupi kabisa uliolitandaza tone vizuri na bado ukashikilia hadi saa unayoihitaji. Andika ukutani pamoja na joto la chumba la siku hiyo.

Kubandika kwenye kioo

Silanoli za silikoni zikikutana na za kioo hutoa maji na kuunganika moja kwa moja, silikoni–oksijeni–silikoni. Hakuna gundi inayohusika. Ndiyo maana kioo nacho huingia chembani pamoja na silikoni.

Mara tu ukifungua mlango, laza silikoni juu ya kioo ndani ya dakika chache, ukianzia ukingo mmoja ili hewa itoke. Utaona mstari wa mgusano ukitembea wenyewe. Usibonyeze kwa nguvu, mifereji itaporomoka na dari itashikana na sakafu. Weka kwenye oveni nyuzi 70 hadi 80 kwa dakika kumi au zaidi. Jaribu kuinua kona: ikifaa, raba itachanika kabla haijaachia kioo. Ikiachia nzima nzima, kosa liko kwenye usafi, muda mrefu mno, au kuchelewa.

Kuuweka uso ukiwa hai

Kipande kikikaa kwenye hewa ya kawaida kinaanza kurudi. Kikizamishwa ndani ya maji safi mara tu baada ya plazma, silanoli hubaki zimetazama maji na kurudi huko kunapungua sana. Kwa kipande kilichobandikwa, jaza mifereji maji mara kinapotoka kwenye oveni na kupoa, kisha kizamishe kwenye kisahani chenye kifuniko. Friji inasaidia zaidi, maana baridi huchelewesha minyororo. Maji ya kisahani yabadilishe kila siku mbili tatu. Kwa joto la hapa ukungu haukawii.

Ukihitaji wiki, paka polivinaili alkoholi. Yeyusha asilimia 1 kwenye maji ya moto huku ukikoroga, acha ipoe, ijaze kwenye mifereji mara baada ya kubandika, iache dakika kumi, ipulize itoke, kausha kwenye nyuzi 110 kwa robo saa. Rudia mara moja zaidi. Tabaka hilo hushikilia silanoli na lenyewe linapenda maji, kwa hiyo kipande kinaweza kukaa kikavu kwenye bahasha na kusafirishwa. Kama kipimo chako kinategemea protini kushika ukutani, kijaribu upya baada ya kupaka, kwa sababu ukuta sasa si uleule.

Kipande kilichorudi kukataa maji, kama hakijabandikwa, kinaweza kusafishwa kwa selotepu na kurudishwa chembani kwa sekunde zilezile. Hesabu mizunguko hiyo pamoja, kwa kuwa tabaka la kioo huongezeka kila mara. Ukikikunja ukaona uso una ukungu au mistari midogo kwenye mwanga wa ubavu, kata kingine. Raba ya gramu tatu ni rahisi kuliko kipimo kisichoaminika.